Kwangu Inaonekana

Ukurasa wangu wa kwanza wa wavuti ulikataa kuwa ukurasa. Nilifuata maelekezo neno kwa neno: fungua Notepad, andika, hifadhi kwa jina la index.html, bofya mara mbili. Nikibofya, inafunguka Notepad ileile, na alama zangu zote zimejipanga mistari mistari kama mkonge shambani. Siku mbili nzima. Ilikuwa 2014, nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Makorora, Tanga, nasubiri matokeo, na mjomba alikuwa ameniletea kompyuta ya mezani ya mtumba aliyopewa na mtu aliyeshindwa kumlipa deni. Akaniambia nisipoifanyia la maana ataichukua aiuze, hata kama ni kwa bei ya chuma chakavu.

Siku ya tatu nikatia faili kwenye flashi, nikapanda baiskeli hadi Ngamiani, Barabara ya 12, kwa kaka mmoja mwenye steshenari. Akaliangalia, akacheka kwa puani, akaingia kwenye mipangilio ya folda na kuondoa tiki moja. Jina la kweli la faili langu likachomoza: index.html.txt. Windows ilikuwa imelificha mkia muda wote ule. Akafuta ile txt ya mwisho, akabofya, na maneno "Karibu Tanga" yakatokea, makubwa, meusi, kwenye weupe mtupu. Akanitoza shilingi 500. Nilipouliza ya nini wakati hajachapa kitu, akasema, "Ya kucheka."

Mpaka leo nikikalia kompyuta ya mtu, kitu cha kwanza naondoa ile tiki.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, maana HTML, ile lugha ya alama ya kuandikia kurasa, yenyewe si ngumu kama watu wanavyoitisha. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, alipotoa wazo lake mwaka 1989 alitaka watafiti wasomeane nyaraka bila kujali nani anatumia kompyuta ya aina gani. Orodha ya mwanzo ya alama zake, ya mwaka 1991, ilikuwa na alama 18 tu. Mtoto wa madrasa anaanzishiwa herufi 28 za Kiarabu na hakuna anayemwonea huruma. Halafu tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya wote, bila ada. Kwa hiyo mimi wa Makorora sikuomba kibali wala kumlipa mtu ili niandike kichwa cha habari kwenye ukurasa wangu.

Kilichonila ni bando. Nilikuwa nanunua la usiku, nafungua kurasa za mafunzo kumi, ishirini, nazihifadhi zote kwenye diski kabla ya alfajiri, kisha mchana nasoma bila mtandao. Mama akinikuta macho mekundu anauliza nafanya nini. Namwambia naandika kodi, yale maelekezo ya kompyuta. Kwa wiki kadhaa aliwaambia wenzake sokoni kwamba mwanawe yuko mbioni kuingia TRA, kwa wakusanya kodi.

CSS ndiyo iliyonitoa jasho. Hiyo ilikuja baadaye. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, ikapitishwa rasmi Desemba 1996, na kazi yake ni kuuvisha ukurasa nguo: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi. Zile nafasi mbili, padding na margin, nilizichanganya mwezi mzima. Nikitaka kutenganisha visanduku viwili, kimoja kinavimba tumbo. Aliyenifungua macho ni mama bila kujua, maana ana meza ya kanga Ngamiani na mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kutundika. Kanga ina mji, ule uwanja wa kati wenye picha na jina, na ina pindo, mkanda unaouzunguka. Sasa: border ni pindo. Padding ni ule uwazi kati ya maua ya mji na pindo. Margin ni nafasi anayoiacha mama kati ya kanga na kanga kambani. Ukiona kanga mbili zimebanana huendi kuongeza uwazi ndani ya pindo, unaisogeza jirani. Nilisimama pale na doti mkononi mpaka mama akauliza kama naiuza au naioa.

Nikafanya mazoezi kwa ukurasa wa Coastal Union, timu yetu ya mpira. Wagosi wa Kaya, ubingwa wa 1988, kila nilichokijua. Nyuma wekundu mtupu, maandishi meupe, na juu kabisa nikaweka mstari wa maneno unaotembea kutoka kulia kwenda kushoto. Niliuona mzuri mno. Mjomba akautazama kidogo, akauliza, "Haya maandishi yanakimbia nini, yanadaiwa?" Nikayasimamisha.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa rafiki wa mama, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 7 upande wa Raskazone. Sisi vijana tulimwita Bi Mkubwa. Tukakubaliana shilingi 200,000, kwa mdomo, kwenye kikombe cha chai ya tangawizi. Advansi sikutaja. Nilimwona mtu mzima, rafiki wa mama, nikaona haya. Pesa ya kulipia seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti, na jina la tovuti nikamkopa mjomba.

Niliijenga kwa wiki tatu nyumbani. Picha nilipiga kwa simu ya binamu yangu: vyumba, bahari, Kisiwa cha Toten kikionekana kwa mbali, na Mapango ya Amboni, kwa sababu wageni wake wengi walikuwa wakija kwa ajili ya mapango. Muundo niliupata wa bure mtandaoni, umejazwa yale maneno ya Kilatini ya kushikia nafasi, na ulikaa vizuri mpaka nilipoanza kutia Kiswahili. Kitufe kilichotengenezwa kwa neno la Kiingereza la herufi 4 sasa kinatakiwa kubeba "Weka nafasi", herufi 10 na uwazi katikati. Maneno yakatoka nje ya kitufe. Menyu ya juu, iliyokaa mstari mmoja kwa Kiingereza, ikakatika mistari miwili na kuangukia picha. Nilipunguza herufi mpaka zikawa kama mchwa. Sikujua kwamba kosa langu lilikuwa kuvipa vitufe upana wa kudumu badala ya kuviachia vipanuke kwa padding. Siku hizi sianzi na Kilatini kabisa. Naanza na maneno ya mwenye biashara, hata kama hayajakamilika.

Usiku wa Ijumaa nikapakia mafaili yote kwenye seva kwa FileZilla, programu ya kupakilia. Asubuhi nikampigia simu.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Tovuti yako iko hewani."

"Marahaba mwanangu. Ngoja niitazame."

Baada ya Adhuhuri akapiga yeye. "Nimeifungua. Naona maandishi, na chini yake vijisanduku vitupu kama fremu za picha zilizoibiwa. Vyumba vyangu viko wapi?"

Nikakimbilia kompyuta. Picha zote zipo, moja moja, zinang'aa. Nikasema lile neno ambalo tangu hapo nimelisikia kwa kila kijana anayeanza: "Kwangu inaonekana, Bi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mgeni wangu wa Arusha aje kuiangalia kwako Makorora?"

Nilifuta kila kitu kwenye seva nikapakia upya. Nikapakia tena mara ya pili. Mara ya tatu bando likaniishia katikati. Nikarudi kwa kaka wa steshenari, nimebeba CPU yenyewe nyuma ya baiskeli, nimeifunga kwa mpira. Akaiwasha, akaniambia nimfungulie tovuti kama ninavyoifungua siku zote. Nikaenda kwenye folda, nikabofya index mara mbili. Yeye hakutazama picha. Aliweka kidole juu kabisa ya kioo, pale anwani inapoandikwa. Palianza neno file, si http. Nilikuwa naangalia faili la kwenye diski yangu mwenyewe. Muda wote ule sikuwahi kuifungua tovuti ya Bi Mkubwa. Nilikuwa nafungua ya kwangu.

Tukaandika anwani ya kweli. Vijisanduku vitupu, vilevile alivyosema.

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo ya kuudhi. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili; ukiita picha au Picha, inakuletea kilekile. Seva nyingi zinaendeshwa na Linux, na Linux kwake hizo ni folda mbili zisizojuana. Folda yangu iliitwa Picha, ndani ya kodi nimeandika picha. Simu ya binamu ilihifadhi kila kitu kwa mkia wa JPG wa herufi kubwa, mimi nikaandika jpg kwa ndogo. Nembo nayo nilikuwa nimeiita kwa njia inayoanzia C, diski yangu mwenyewe, kana kwamba simu ya Bi Mkubwa ingepanda daladala kuja kuichukua. Tulikaa mpaka magharibi tukibadilisha majina ya picha 23: herufi ndogo zote, hakuna nafasi, maneno yakitengwa kwa kistari. chumba-1.jpg. chumba-2.jpg. Safari hii alinitoza 2,000 na hakucheka.

Nikadhani nimemaliza. Jumapili nikaenda Raskazone mwenyewe, nikiwa na kanzu ya Ijumaa, nipokee sifa zangu. Bi Mkubwa akachukua Tecno yake, akafungua, akanipa. Tovuti nzima ilikuwa imejikunyata kwenye kioo kama gazeti linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Simu ikikuta ukurasa usioeleza chochote kuhusu upana, hujifanya kioo chake ni kipana, mara nyingi pikseli (vitone vya kioo) 980, halafu inaubana wote ndani. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya ukurasa, unaoitwa viewport, wa kuiambia simu itumie upana wake halisi. Lakini mstari ule peke yake ulinifichua zaidi, kwa sababu nilikuwa nimepanga kila kitu kwa upana wa kudumu wa pikseli 1024, na sasa nusu ya ukurasa ikawa nje ya kioo. Mmarekani Ethan Marcotte alikuwa ameshaeleza mwaka 2010 namna ya kufanya: vipimo vya asilimia, picha zisizozidi chombo chake, na masharti ndani ya CSS yanayopanga upya vitu kioo kikiwa chembamba. Miaka minne kabla yangu. Mimi nilikuwa najifunza kwa kurasa za zamani, na kurasa za zamani hazikuambii kwamba zimezeeka.

Nikaijenga upya, safari hii nikianzia na simu. Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa na ladha, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kioo kidogo kinakulazimisha uamue mtu anataka nini kwanza. Mgeni aliyeshuka basi Kange saa 4 usiku hataki kusoma historia ya mapango. Anataka bei, anataka namba ya simu.

Na hivyo viwili ndivyo nilivyokuwa nimeviharibu kuliko vyote. Bei nilizichora ndani ya picha ili herufi zipendeze. Bi Mkubwa alipopandisha chumba cha feni kwa 5,000, sikuwa na faili la asili, nikachora upya tangu mwanzo. Namba ya simu nayo ilikuwa ndani ya picha ileile. Mgeni mmoja alimlalamikia kwamba alilazimika kuiandika kiganjani ndipo aipige. Nikazirudisha bei kuwa maandishi ya kawaida, na namba nikaifanya kiungo kinachoanza na tel, ukiigusa simu inapiga yenyewe. Dakika tano. Katika vyote nilivyomfanyia, hicho ndicho alichokisifia mbele za watu.

Bado kulikuwa na uzito. Siku moja alinipigia kwa sauti ya upole, ile ya watu wazima wakiwa wamekasirika. "Mwanangu, nimeweka bando la siku, limekwisha nikiangalia vyumba vyangu mwenyewe. Vyumba ninavyovifagia kila asubuhi." Nikapiga hesabu. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha 8, kila moja karibu MB 3. MB 24, mtu hajafika hata kwenye bei. Na mimi nilikuwa na uhakika nimezipunguza, kwa sababu kwenye kodi niliandika upana wa pikseli 300. Kumbe ile inapunguza inavyoonekana tu. Picha inashuka nzima kutoka kwenye seva, MB zote 3, ndipo inabanwa kwenye kioo. Ni sawa na kumbebesha mtu gunia zima la machungwa ya Muheza kutoka stendi, ukamwonyesha moja.

Nikapakua GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo ni ya bure, nikafungua picha mojamoja, nikazishusha hadi upana wa pikseli 800, nikahifadhi kwa ubora wa 70. Picha ya MB 3 ikawa kama KB 90. Zote nane zikaja chini ya MB 1. Nilizitazama kwenye simu, picha ya zamani na mpya, nikaomba mama achague nzuri. Akachagua iliyopunguzwa, akasema ile nyingine inachelewa. Ule ukurasa wa kwanza kabisa wa CERN, ambao wameurudisha mtandaoni uusome ulivyokuwa, ni maandishi na viungo tu, na unafunguka hata kwenye mtandao wa kusuasua. Sisemi turudi huko. Ila nikiona tovuti ya biashara ya mtaani inafungukia kwenye video, namfikiria anayelipia lile bando.

Vingine nitavipitia haraka. Kwenye mstari wa kwanza wa HTML niliacha lugha imeandikwa en, na brauza ikawa inawauliza watu kama watafsiriwe Kiswahili changu kutoka Kiingereza. Unaandika sw, imekwisha. Malipo: zile 200,000 nilizipata kwa awamu nne, na ya mwisho ilikuwa 30,000 na changu wawili wakubwa kutoka Deep Sea. Samaki walikuwa watamu, siwezi kusema uongo, lakini deni la mjomba halikupokea samaki. Tangu hapo ni nusu kabla sijafungua kompyuta, awe rafiki wa mama, awe nani, na tunaandika kwenye karatasi ni kurasa ngapi na marekebisho mangapi. Hakuna aliyechukia.

Kosa linaloniuma mpaka leo si la kodi wala la picha. Ni la jina. Domeini, au kikoa kama wanavyoandika wenye Kiswahili sanifu (sisi wa pwani kikoa tunakijua cha kulishana kwa zamu, kwa hiyo neno halinikai), haununui, unapanga kwa mwaka. Ile ya co.tz niliisajili kwa jina langu, barua pepe yangu, namba yangu. Sikuwa na nia mbaya. Ndivyo nilivyoona rahisi. Mwaka uliofuata nikawa Dar es Salaam nasoma, ile barua pepe siifungui tena, na vikumbusho vya kulipia vikawa vinarundikana huko bila msomaji. Tovuti ikapotea siku 9. Bi Mkubwa aliambiwa na mgeni. Hakunipigia mimi. Alikwenda mezani kwa mama, akachagua doti moja, akalipa bila kupunguziwa, kisha akasema, "Mwambie mwanao nyumba yangu imefungwa na ufunguo anao yeye."

Mama alinifikishia ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza neno.

Nikalipia siku ileile. Nilipokuja likizo nikabeba daftari, tukakaa barazani kwake, tukahamisha umiliki kuwa wa jina lake na barua pepe niliyomfungulia hapo hapo. Neno la siri aliliandika mwenyewe kwa mkono wake, na tarehe ya kulipia akaichora kwenye kalenda ya ukutani, chini ya tarehe ya kulipa maji. Mimi nikatoka mikono mitupu, sina ufunguo wowote wa nyumba niliyoijenga. Sasa ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu, na yapo maneno mtaani kwamba najinyima, kwamba fundi mjanja hubaki na ufunguo ili mteja asimkimbie. Sawa, wabaki nao.

Miezi michache baadaye, usiku, simu yangu ikaita. Ni Bi Mkubwa, na nyuma yake nasikia vyombo vinagongana.

"Mwanangu, nimepata mgeni. Katokea Arusha, kashuka Kange sasa hivi, kanipigia kabla hajapanda bodaboda. Anataka kile chumba chenye pazia la bluu. Kakiona humo."

Moyo wangu ukaruka. Nikamuuliza kilichoniwasha kuuliza: simu yake ni ya aina gani, ukurasa ulimfungukia haraka, picha zilitokea zote?

"Sikumuuliza hayo," akasema. "Nimemuuliza kama amekula."